Nyumba ya Fumika, Makao ya Chitose

Siku Bi Chitose alipohamia mtaani kwetu, hata mizigo ilikuwa haijaisha kushushwa, tayari alikuwa amegombana na jirani. Mimi nina saluni ng'ambo ya pili ya barabara. Nilikuwa namkata nywele mteja niliposikia sauti ya mwanamke, kwa lafudhi ya Osaka, ikipanda juu ya paa za mtaa mzima:

"We baba! Unamwagilia maua au unanimwagilia mimi?"

Sisi watu wa Saijo hatupigi kelele hivyo. Maji yetu hutoka ardhini yenyewe, baridi na matamu, bila pampu wala bili, na nadhani ndiyo yametufanya wapole. Mteja wangu akatoka nje na taulo lake shingoni, nami nikatoka na mkasi mkononi. Tukamwona mama mfupi, mnene kiasi, miguu imelowa mpaka magotini. Mbele yake alisimama Mzee Kono na mpira wake wa maji, amekauka kama gogo. Mzee Kono alikuwa fundi saa kabla ya kustaafu. Aliishi peke yake, na hakuna mtu aliyewahi kumwita "we baba" tangu azaliwe.

Nyuma yao, mlangoni, Mzee Yasumasa Ochi alikuwa ameshika boksi la vyombo, na alikuwa anacheka. Hilo ndilo lililotushangaza zaidi. Yasumasa alifanya kazi posta maisha yake yote, na tangu mkewe Hisae afariki alikuwa anakula tambi za kikombe na kuongea na redio. Tulikuwa tumesahau kwamba ana meno.

Walikutana kwenye ziara ya basi. Watu walivua viatu kuingia hekaluni, na wakati wa kutoka Yasumasa, ambaye ana miguu midogo na macho mabovu, akavaa viatu vya Chitose akaondoka navyo. Chitose akalikimbilia basi pekupeku, akaligonga ubavuni mpaka likasimama, akapanda na kusema mbele ya wastaafu wote, "Nani humu ndani ana ladha nzuri ya viatu?" Alikuwa mjane pia, mwenye mgahawa mdogo Osaka. Mwaka uliofuata wakaoana.

Kwa miaka kumi nyumba ile ilijaa kelele. Jioni baada ya chakula, Chitose aliingia bafuni, akajitumbukiza kwenye maji ya moto mpaka shingoni, akaimba. Dirisha la bafu linatazamana na sebule ya Mzee Kono, na ilikuwa ndiyo saa ya taarifa ya habari. Mzee Kono alikuwa anagonga ndoo kwa mwiko kumtaka anyamaze. Chitose alidhani anapigiwa ngoma, akaongeza sauti.

Lakini hakukaa kwetu moja kwa moja. Dada yake mkubwa, Tamiko, alibaki Osaka, na nyonga zake zilikuwa mbovu. Karibu kila mwezi Chitose alikwenda kumwangalia kwa siku kadhaa. Hata kwenye karatasi za serikali alibaki mkazi wa Osaka, kwa uvivu tu. Kila mwaka alisema atahamisha, kila mwaka akasahau.

Kisha Tamiko akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Chitose akaenda, akakaa mwezi, akakaa wa pili. Alikuwa bado huko asubuhi ile ya Machi Yasumasa alipoinama kung'oa magugu kwenye bustani yake na asiinuke tena. Mimi ndiye niliyempigia simu. Alifika jioni na treni, amevaa aproni ya jikoni chini ya koti. Alisahau kuivua, na mpaka mazishini alikuwa bado ameivaa.

*

Yasumasa alikuwa na mtoto mmoja tu, Fumika, mfamasia huko Takamatsu. Fumika si mtu mbaya, nataka hilo lijulikane mapema. Ni mtu wa kunyoosha mambo. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, nywele zake amezifunga nyuma hazina unywele mmoja uliotoka, na aliongea taratibu kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Mama yake alifia katika nyumba ile. Katika miaka yote kumi hakumwita Chitose mama, wala mama wa kambo. Alimwita Bi Chitose, na alipokuja kuwasalimu hakulala.

Baada ya ibada ya siku ya arobaini na tisa, ile inayofunga matanga, wageni walipoondoka, mimi nikiwa jikoni naosha vikombe, nilimsikia akisema:

"Bi Chitose, nafikiri tuiuze nyumba. Kuna kampuni inataka kiwanja, wajenge maegesho ya magari. Wewe sheria inakupa nusu, mimi nusu. Utarudi Osaka kwa dada yako. Si ndiko kwenu?"

Nikafunga bomba ili nisikie vizuri.

"Kwetu ni hapa," Chitose akasema.

"Hapa ulikuwa unakuja," Fumika akajibu, "na kuondoka. Baba amekufa peke yake bustanini."

Fumika akavaa viatu vyake, akainama kuaga kama inavyotakiwa, akaenda zake kituoni.

Kesho yake Chitose alikuja saluni, akakaa kwenye kiti, akasema, "Mizue, mwanangu, nipunguze." Nilipomuuliza nipunguze kiasi gani, akasema popote nitakapochoka. Nikajua hali si nzuri. Nikafunga duka, nikamchukua mpaka ofisi ya manispaa, ambako kila wiki wakili hukaa kusaidia watu bila malipo.

Wakili alikuwa kijana, Bwana Takasuka, mwenye nywele zilizonikera tangu nilipoingia mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mama, kuna sheria. Si ya zamani sana. Mke au mume aliyebaki, kama siku mwenzake alipofariki alikuwa anaishi katika nyumba ya marehemu, anaweza kupewa haki ya kuendelea kuishi humo mpaka mwisho wa maisha yake. Halipi pango. Haki hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya urithi wake."

"Na nyumba inakuwa ya nani?"

"Inaweza kuwa ya Fumika."

"Na mimi nakuwa nani?"

"Mkaaji. Nyumba yake, makao yako."

Chitose akakunja uso. "Na huyo mwenye nyumba akiamka siku moja akaiuza?"

"Haki yako ikishaandikishwa, atakayenunua atainunua ukiwa ndani."

"Kama paka!" Chitose akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikamwona anacheka. "Mizue umesikia? Nauzwa na nyumba kama paka!"

Bwana Takasuka naye akacheka, halafu akauliza lile swali. "Siku mzee alipofariki, mama ulikuwa unaishi pale, sivyo?"

Tukatazamana.

"Nilikuwa Osaka," Chitose akasema.

"Kwa siku ngapi?"

"Tangu Januari."

"Lakini umeandikishwa hapa Saijo."

"Osaka."

Wakili akaanza kujikuna kichwa, na zile nywele zikazidi kuharibika. Alieleza kwamba karatasi peke yake haiamui. Kinachotazamwa ni mahali ambapo maisha ya mtu yamekita mizizi: anapolala, vitu vyake vilipo, anaporudi. Aliyelazwa hospitali hajahama kwake. Aliyekwenda kuuguza ndugu pia anaweza kuwa hajahama. "Lakini," akasema, "Bi Fumika akipinga, itabidi ionyeshwe."

Fumika alipinga.

*

Katika mahakama ya familia hakuna kizimba wala kupigiana kelele. Unakaa chumba cha kusubiri, unaitwa, unaongea na wapatanishi wawili, unatoka, mwenzako anaingia. Wapatanishi wetu walikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo na mzee mmoja mwenye sauti laini. Nilimsindikiza Chitose kila mara, nikamsubiri nje na maandazi ya maharage matamu.

Mara ya pili alitoka mwekundu kama nyanya.

"Mgeni! Amesema mimi nilikuwa mgeni! Mgeni gani anasugua choo miaka kumi?"

"Taratibu, Mama Chitose, watu wanasikia."

"Wasikie! Nitawaletea brashi yenyewe!"

Kwa kuwa kila upande ulishikilia lake, mahakama ikaamua kumtuma afisa wake aje aione nyumba na kuzungumza na watu. Siku iliyopangwa ilikuwa Julai, joto limeshika, vyura wa mashamba ya mpunga wamelala. Afisa alikuwa dada mdogo mdogo anayeitwa Bi Nagai, mwenye begi kubwa kuliko yeye. Fumika alifika kutoka Takamatsu akiwa na mwavuli wa jua. Mimi niliombwa kuandaa chai, na sikuombwa mara mbili.

Jikoni mwa nyumba ile kuna beseni la jiwe ambalo maji ya chemchemi huingia usiku na mchana, na ndani yake Chitose alikuwa ameweka tikitimaji lipoe. Bi Nagai alilitazama kwa uchu, akafungua begi, akaanza kazi.

Alifungua makabati. Nguo za Chitose zilikuwepo, za majira yote manne. Miwani yake ya akiba ilikuwa kando ya redio. Ndala zake zilikuwa zimelika upande mmoja, kwa sababu anatembea kama bata. Fumika alifuata nyuma, mikono ameikunja.

"Nguo mtu anaweza kuziacha popote," alisema. "Mimi nina nguo kwa rafiki yangu Kobe."

"Na pipa la achari?" Chitose akauliza.

"Pipa gani?"

Chitose akapiga magoti, akalivuta kutoka chini ya kaunta. Ni lile pipa la pumba za mchele ambamo tunazika matango na biringanya. Pumba ile ina uhai, na lazima igeuzwe kwa mkono kila siku, la sivyo inaoza na kunuka mtaa mzima. Akaondoa kifuniko. Harufu yake ilikuwa safi, chachu, nzuri.

"Nilikuja nayo kutoka Osaka nilipoolewa," akasema. "Nikienda kwa dada, nampigia Yasumasa asubuhi. Simsalimii hata. Namwambia, mkono umeuingiza? Ananiambia, umeingia. Namwambia, mpaka chini? Ananiambia, mpaka kiwiko, mama, mpaka kiwiko."

Bi Nagai akaandika. Fumika akasema achari haithibitishi kitu, lakini alisema kwa sauti ndogo, na nilimwona akiinama kidogo kunusa.

Hapo ndipo mlango wa bustani ukafunguliwa kwa kishindo, na Mzee Kono akaingia. Alikuwa amevaa suti. Suti! Julai, na tai juu yake.

"Nani hapa ametoka mahakamani?"

"Mimi, mzee," Bi Nagai akasema akiinuka.

"Vizuri. Nimesubiri siku hii miaka kumi. Nina mashtaka."

"Mzee Kono, siyo leo," nikamnong'oneza. Alinipita kama nguzo ya umeme.

"Huyu mwanamke," akasema akimnyooshea kidole Chitose, "anaimba. Bafuni. Kila jioni, saa ya habari, dirisha wazi. Uchaguzi umepita mara kadhaa sijui nani ameshinda. Vimbunga vinapita mimi najulishwa na mvua yenyewe!"

"Si ufunge dirisha lako!" Chitose akamrukia.

"Nifunge dirisha Julai? Nife?"

"Ungekufa ungepumzika!"

"Nyamazeni kidogo, tafadhali," Bi Nagai akasema, na kwa mwili ule mdogo sauti ilitoka kubwa. Kalamu yake ilikuwa tayari. "Mzee umesema kila jioni?"

"Kila jioni inayotoka kwa Mungu."

"Miaka yote kumi?"

"Isipokuwa akienda Osaka. Akienda Osaka nakaa raha mustarehe, natazama habari mpaka za hali ya hewa." Akalegeza tai. "Siku ya tatu hivi naanza kutega sikio kama amerudi. Si kwamba namngoja! Natega tu, nijue kama amani yangu imekwisha."

"Na mwaka huu? Januari mpaka Machi alikuwa Osaka. Kulikuwa kimya?"

"Kimya?" Mzee Kono alicheka kwa hasira. "Ndiyo ikawa balaa zaidi! Yule marehemu, Mungu amrehemu, aliweka simu yake kwenye kizingiti cha dirisha la bafu. Mama anaimba kutoka Osaka, ndani ya simu, kama nyuki kwenye kopo. Na mzee anaitikia kutoka majini. Badala ya mmoja nikapata wawili! Mpaka jioni ya mwisho. Siku ya pili yake ndiyo…" Akakoma. Akatazama chini, akashika tai yake. "Siku ya pili yake ndiyo aliondoka."

Maji yalikuwa yanaingia kwenye beseni.

"Baba aliimba?" Fumika akauliza.

Sote tukageuka. Mikono yake haikuwa imekunjwa tena.

"Aliimba nini?"

"Ule wa kubebea danjiri," Mzee Kono akasema. "Nami niliwahi kubeba naye ujanani, naujua. Alikuwa anaukosea."

Danjiri ni yale majumba ya mbao tunayoyabeba mabegani Oktoba, mtaa kwa mtaa, mpaka mtoni. Anayezaliwa Saijo anaujua ule wimbo kabla ya kujua jina lake.

"Baba hakuimba tangu mama afariki," Fumika akasema. "Hata sherehe yenyewe. Alikuwa anasimama pembeni, amefunga mdomo. Nilimwomba. Nilimwomba mara nyingi."

Chitose akafuta mikono yake yenye pumba kwenye aproni, akakaa sakafuni karibu naye, ila si karibu sana.

"Aliniambia mama yako ndiye aliyekuwa anamrekebisha," akasema. "Mstari wa pili. Alikuwa anaupotosha daima, na Hisae anamkanyaga mguu. Mimi ni wa Osaka, mwanangu, sikuujua wimbo wenyewe. Kwa hiyo hakukuwa na wa kumkanyaga. Tukaukosea wote wawili."

Fumika alifunika mdomo. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa namna nyingine, na ghafla kicheko kikamtoka, kikubwa, kibaya, kicheko cha baba yake kabisa. Kibanio kikafyatuka, nywele zikamwagika.

"Mstari wa pili!" akasema. "Mama alikuwa anamkanyaga kweli! Mbele ya watu wote!"

"Miaka kumi," Mzee Kono akanung'unika. "Miaka kumi mstari wa pili."

Bi Nagai akafunga daftari lake. Akasema kwamba ameona alichokuja kuona. Kisha akatazama beseni la jiwe, akauliza kwa aibu kama lile tikitimaji lina kazi nyingine. Tukalikata. Tulikula wote watano kwenye kibaraza, miguu inaning'inia, tukitema mbegu bustanini. Mzee Kono alitandaza leso juu ya suti yake, na alipomaliza kipande cha tatu akamuuliza Bi Nagai hukumu ya mashtaka yake itatoka lini.

*

Kwenye kikao kilichofuata Fumika hakungoja aulizwe. Aliwaambia wapatanishi kwamba Bi Chitose alikuwa anaishi pale siku baba yake alipofariki, na siku zote kabla ya hapo. Mapatano yakaandikwa: nyumba na kiwanja ni vya Fumika, na Chitose ana haki ya kukaa humo maisha yake yote. Mama wa miwani ya mnyororo aliyasoma kwa sauti mbele ya wote wawili, wakiwa chumba kimoja kwa mara ya kwanza. Alieleza pia kwamba mkaaji haruhusiwi kubomoa wala kuongeza kitu bila ridhaa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba haruhusiwi kumsumbua mkaaji.

"Na mwenye nyumba akitaka kuingia?" Fumika akauliza.

"Anabisha hodi," yule mama akasema.

Chitose alijipiga gotini kwa kiganja. "Umesikia? Unabisha hodi nyumbani kwako!"

"Na wewe ukitaka kupigilia msumari unanipigia simu," Fumika akamjibu.

Nilidhani ni utani. Haikupita wiki mbili, Chitose akampigia. Alitaka kuvunja ukuta kati ya jikoni na chumba cha mbele, aweke bamba kubwa la chuma kama alilokuwa nalo mgahawani, awe anakaangia majirani zile chapati nene za kabichi za kwao. Alisema nyumba ina kimya kingi, na kimya kinamharibia usingizi. Fumika akaja Jumapili na futi ya kupimia. Nilivuka barabara, maana jambo kama hilo halisimuliwi, linaonwa.

"Huu ukuta mama aliupaka rangi mwenyewe," Fumika akasema.

"Basi hauvunjwi," Chitose akasema hapo hapo. "Yamekwisha. Nitakaangia uani."

"Sijasema hauvunjwi. Nimesema aliupaka rangi." Fumika akapitisha kiganja ukutani, taratibu, kutoka mwisho hadi mwisho. "Hii rangi ni mbaya sana, Bi Chitose. Tangu nikiwa mtoto naichukia."

"Mbaya mno," Chitose akasema. "Nimekaa miaka kumi nimeogopa kusema."

"Ile rafu ya vikombe vya mama ibaki."

"Ile rafu atakayeigusa nitamkaanga."

Ukuta ukavunjwa mwisho wa Agosti. Mzee Kono alikuja kulalamikia vumbi, akapewa nyundo.

Oktoba, siku moja kabla ya sherehe, kengele ya mlango ule ililia. Kwetu mtaani hakuna anayepiga kengele, kwa hiyo niliinua pazia la saluni. Fumika alikuwa amesimama pale na begi la safari, nywele zake wazi. Chitose akafungua, unga mpaka kwenye nyusi.

"Samahani kwa usumbufu," Fumika akasema akiinama. "Mwenye nyumba anaomba nafasi ya kulala."

"Kwa usiku mmoja?"

"Miwili. Kama mkaaji hatasumbuliwa."

"Mkaaji atasumbuliwa sana," Chitose akasema, "ingia upesi, chapati inaungua."

Alilala chumba kile alichokuwa akilala utotoni. Asubuhi nilimkuta kakaa mbele ya bamba la chuma, anageuza chapati kwa vijiko viwili vya bati, na Chitose anamkaripia kwamba anaibonyeza, haibonyezwi, inaachwa ipumue. Mchana danjiri ya mtaa wetu ikaja. Unaisikia kabla ya kuiona, ngoma na kengele na vijana wakiimba, mbao zinalia, kisha inajitokeza kwenye kona kama hekalu lililoamua kutembea. Ikasimama mbele ya nyumba ya Ochi, kwa heshima ya marehemu. Kiongozi wa wabebaji, jasho linamtiririka, akapaza sauti:

"Tunamsalimu mwenye nyumba! Mwenye nyumba ni nani?"

"Yeye!" Chitose akasema akimnyooshea Fumika kidole.

"Yeye!" Fumika akasema akimnyooshea Chitose.

Yule kijana akamtazama huyu, akamtazama yule. Watu wakaangua kicheko. Mwishowe akawaambia wenzake wainue mara mbili, na vijana wale, ambao tangu alfajiri walikuwa wanabeba, wakalalamika kwa utani, wakainua. Danjiri ikapanda mpaka mikono ikanyooka juu ya vichwa, ikashuka, ikapanda tena. Niliwaona wale wanawake wawili wanapiga makofi, wameshikana viwiko bila kujijua.

Siku hizi Fumika huja karibu kila Jumamosi. Amekata nywele, nilizikata mimi, na zimemkaa. Tamiko ameletwa kutoka Osaka na kiti chake cha magurudumu, anakaa chumba cha nyuma, kwa ridhaa ya mwenye nyumba iliyotolewa kwa simu katika sentensi moja. Jirani mmoja alimuuliza Fumika kama ile kampuni ya maegesho bado inakitaka kiwanja, na Fumika akamjibu kwamba hakumbuki kampuni yoyote.

Ugomvi haujaisha, ni lazima niseme ukweli. Majuzi waligombania mapazia ya chumba cha mbele. Chitose anataka ya maua makubwa, Fumika anataka ya kijivu. Wakabishana mpaka wakampigia Bwana Takasuka wamuulize pazia ni matengenezo au ni mabadiliko ya nyumba, na nani ana neno la mwisho. Alitafuta muda mrefu, tulimsikia akifunua kurasa. Akarudi kwenye simu akasema kwamba sheria, kadiri anavyoijua, haijasema kitu kuhusu mapazia. Basi dirisha la kushoto lina maua, la kulia ni la kijivu.